Matope ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 2 Machi. Mvua: hakuna.

Nimewaagiza wanafunzi wangu wa darasa la nne kila mmoja awe na daftari la mvua mpaka masika yaishe. Aandike tarehe, kina cha maji kwenye kopo, na jambo moja aliloliona kwa macho yake mwenyewe. Mmoja akanyoosha kidole: "Na wewe mwalimu utaandika?" Darasa zima likanikodolea macho. Basi naandika. Mwalimu akiumbuka, huumbuka mbele ya watu arobaini na sita.

Jumatano, 4 Machi. Mvua: milimita 3.

Ya kutuliza vumbi tu. Nilichokiona: Baba akiosha pikipiki.

Si jambo geni. Ameiosha kila jioni tangu nina meno ya utoto. Alikuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani bado wanamwita Mzee Barua, ingawa yeye amestaafu na barua zenyewe zimestaafu. "Pikipiki hailali na matope," husema, utadhani inalalia shuka jeupe.

Kwanza anaziba mdomo wa egzosi kwa mfuko wa nailoni ili maji yasiingie. Anasubiri injini ipoe. Anamwaga maji kutoka juu kushuka chini, halafu anakaa kwenye kigoda upande wa kulia wa pikipiki na kusugua kila kilicho mbele yake. Akimaliza, anahamisha kigoda upande wa pili. Spoki anazipitia moja moja kwa mswaki mkuukuu, mnyororo kwa mafuta ya taa, na mwisho tambara kavu. Muda wote huo binti yangu wa miaka saba yuko pembeni anamsimulia ya darasani. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hata usingizini ana la kusema.

Asubuhi Baba humpakia Chiriku na kumpeleka shule. Mimi nafundisha upande mwingine wa mji, kwa hiyo naenda zangu kwa miguu.

Alhamisi, 12 Machi. Mvua: milimita 21.

Sasa imeanza kweli. Baba ameacha matope kwenye egzosi na nusu ya gurudumu la nyuma. Ameiacha hivyo na kuingia kuoga, akipiga mluzi. Nikadhani kachoka magoti. Nikachukua tambara nikamalizia, dakika tano tu.

Jumapili, 15 Machi. Mvua: milimita 8.

Mdogo wangu wa kiume, fundi wa pikipiki, alikuja kufunga kioo kipya cha pembeni, cha kushoto.

"Hiki ni cha ngapi?" nikamuuliza.

"Cha tatu, dada. Hili geti lenu jembamba lina njaa ya vioo."

Tulicheka, mimi na yeye. Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

Ijumaa, 20 Machi. Mvua: milimita 34.

Nimemalizia tena.

Jumatatu, 23 Machi. Mvua: milimita 17.

Nimemalizia tena. Upande wa egzosi ameacha nyuma. Upande wa mnyororo ameacha mbele: taa ya kugeukia, nusu ya madigadi, na spoki zote za upande huo. Mtu anayepitia spoki kwa mswaki anaachaje robo ya pikipiki?

Alhamisi, 26 Machi. Mvua: milimita 29.

Mama aliniona na tambara mkononi Baba akiwa bafuni. Akasema tu, "Usisahau kulirudisha alipoliweka." Nikalirudisha.

Niandike kwa nini simwambii Baba. Mwaka juzi ndoa yangu ilipovunjika, nilimpigia simu kutoka kituo cha basi nikiwa na mtoto, masanduku mawili na uso uliovimba. Alikuja na pikipiki. Alimpakia Chiriku na sanduku moja, akawafikisha nyumbani, akanirudia mimi na la pili. Hakuniuliza hata neno moja. Majirani walipouliza, alijibu, "Mwanangu amekuja kwao, kuna tatizo?" Mpaka leo hajaniuliza. Alinisitiri. Basi nami naweza kuosha gurudumu.

Jumatano, 1 Aprili. Mvua: milimita 40.

Leo nimeelewa, na natamani nisingeelewa.

Baba alipoingia kuoga sikushika tambara mara moja. Nilikaa kwenye kigoda chake, palepale alipokiacha, upande wa mnyororo. Mbele yangu kulikuwa na injini inayong'aa. Kulia kwangu gurudumu la nyuma, safi kama sahani. Kushoto kwangu gurudumu la mbele, limejaa tope zito. Nikahamisha kigoda upande wa egzosi, nikakaa tena. Kulia kwangu sasa lilikuwa gurudumu la mbele, safi. Kushoto kwangu la nyuma, chafu.

Kwa hiyo si mbele wala nyuma. Ni kushoto kwake. Popote anapokaa, kilicho mkono wake wa kushoto hakioshwi, kwa sababu hakioni.

Nilikaa pale mpaka nikasikia maji ya bafuni yamenyamaza. Kisha nikaosha haraka haraka kama mwizi.

Alhamisi, 2 Aprili. Mvua: milimita 12.

Chakula cha usiku. Safari hii niliangalia. Baba alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, akafuta mkono. Mama akanyoosha mkono kana kwamba anapangusa makombo, akaizungusha sahani taratibu. Baba akaona chakula, akaendelea kula.

Macho yangu na ya Mama yakakutana. Akatazama kando.

Kumbe tuko wawili.

Jumatatu, 6 Aprili. Mvua: milimita 26.

Nilipiga moyo konde asubuhi. Nikasema, "Baba, leo nitampeleka mwenyewe Chiriku, tutatembea."

Alikuwa ameshavaa koti la mvua. Akalivua kifungo kimoja kimoja.

"Shule yako iko kule, yake iko huku. Utafika saa ngapi kazini?"

"Nitawahi tu."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Chiriku akadakia, "Mama, lazima niende na babu! Bila mimi hawezi!" Nikadhani ni maneno ya kitoto ya kujidekeza. Baba akacheka kidogo, akavaa tena koti, wakaondoka. Nilisimama getini nikamtazama mpaka kona. Alikwenda vizuri, katikati ya barabara yake, kama miaka yote. Nikajiambia, huyu ni tarishi wa miaka thelathini na mmoja, anaijua kila kokoto ya mji huu. Nikajiambia Jumapili nitazungumza na Mama. Jumapili si mbali.

Jumapili, 12 Aprili. Mvua: milimita 31.

Sikuzungumza. Kulikuwa na wageni.

Jumanne, 14 Aprili. Mvua: sikupima.

Naandika kwa penseli niliyoazima kwa muuguzi. Chiriku amelala. Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitaanza kupiga kelele humu wodini.

Saa mbili kasoro mwalimu mkuu aliniita nje ya darasa. Seremala wa njia panda alikuwa amesimama kwenye baraza, suruali imelowa mpaka kiunoni. Alianza kwa kusema, "Wako hai, mwalimu."

Mvua ilikuwa ya mawe tangu alfajiri. Baba alipita mbele ya karakana ya seremala. Mkokoteni wa mbao ulikuwa umeegeshwa pembeni, mkono wa kushoto, pale unapoegeshwa kila siku. Baba aliuvaa. Hakupunguza mwendo, hakukwepa, hakupiga hata honi. Pikipiki ikawatupa wote wawili kwenye mfereji uliojaa maji. Baba alitoka mwenyewe, mbavu zimechubuka. Chiriku alitolewa na seremala. Mkono wake umevunjika mahali pawili na alikuwa amekunywa maji machafu.

"Mvua hii, mwalimu," wakasema majirani waliojaa hapa. "Ajali haina kinga." Kila mmoja aliyeingia alikuwa na lake la kusema kuhusu mvua.

Seremala peke yake alinivuta kando. "Sitaki kumvunjia mzee heshima. Lakini mkokoteni mkubwa vile, umejaa mbao, na kaja ameuelekea. Hata kipofu angeupapasa."

Nikamwambia asante kwa kumtoa mwanangu. Sikumwambia jingine.

Baba amekaa kwenye benchi kwenye ujia tangu mchana, koti la mvua bado mwilini. Nilimpa chai. Ilipoa mkononi mwake. Wala sikumtazama usoni, sikuweza.

Kinachonitisha kuliko plasta ni kwamba Chiriku hasemi. Daktari amemuuliza jina, akanyamaza. Mjomba wake amekuja na vituko vyake vyote, akanyamaza. Daktari anasema kichwa hakikuumia, ni hofu tu, atasema akiwa tayari.

Jumatano, 15 Aprili. Mvua: sijui.

Amesema. Ilikuwa asubuhi, wodi inapigwa deki.

"Mama, nilijifunika kichwa."

"Lini, mama?"

"Jana. Mvua ilikuwa inanipiga, nikaingia ndani ya koti la babu. Sikuona mkokoteni. Sikumpiga begani."

Sikuelewa. Nikamuuliza kupiga bega ni nini. Akaniangalia kwa woga wa mtu anayevunja kiapo.

"Mimi ni jicho lake la kushoto. Kitu kikiwa huko nampiga begani mara moja. Kikiwa kikubwa, mara mbili. Tunafanya hivyo tangu kabla ya mvua. Alisema ni siri yetu, tusiwatie wasiwasi." Kisha akanivuta mkono. "Nilikuwa napiga kila siku, Mama. Ni jana tu."

Chiriku. Mtoto asiyeweza kuficha hata zawadi ya mtu kabla ya siku yake. Miezi yote hiyo alipanda pikipiki asubuhi akiwa amebeba roho mbili mgongoni, akaja nyumbani akatuambia habari za kalamu zake za rangi.

Nilimshika mpaka akalala. Kisha nikatoka ujiani, na kama Baba angekuwa kwenye lile benchi ningemtamkia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Mama alikuwa amempeleka nyumbani. Nikabaki na hasira yangu peke yangu. Na ilipokosa pa kwenda ilinirudia mimi. Maana yeye aliificha siri yake kwa kumtumia mtoto. Mimi niliificha kwa tambara.

Ijumaa, 17 Aprili. Mvua: milimita 6.

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani. Chiriku amelazwa chumbani kwetu, amegeukia ukuta. Babu yake alichungulia mlangoni; mtoto akafumba macho.

Jioni, nikiwa jikoni na Mama, tulisikia maji uani. Baba alikuwa anaosha pikipiki. Uma wa mbele umepinda, taa imevunjika, yeye mwenyewe akiinama anashika mbavu, lakini amekaa kwenye kigoda anasugua. Mama akaegemea ukuta.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema polepole. "Na mimi nimemsaidia kuficha. Tangu sikukuu ya mwaka jana nazungusha sahani. Nilisema nikitaja tu, nitamvunja."

Nilitoka. Baba alikuwa amemaliza pande zote mbili na anakunja tambara. Upande wa mnyororo, gurudumu la mbele lilikuwa limegandamana na tope la mfereji, jeusi, lenye majani na nywele za watu. Sikuligusa.

"Baba, hapa umeosha?"

"Nimeosha pote."

"Naomba mkono wako."

Alinipa mkono. Sikumbuki mara ya mwisho niliyoushika. Nikaupeleka kushoto kwake, nikauweka juu ya gurudumu. Vidole vikasimama. Kisha vikaanza kutembea, kutoka spoki moja kwenda nyingine, vikikwangua. Alitembeza vidole mpaka akalimaliza gurudumu lote. Ndipo akageuza shingo, mbali, kuliko mtu anavyogeuza, mpaka akaliona.

"Wewe ndiye ulikuwa unamalizia," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilipoanza."

Nilitarajia aone aibu, au anifokee. Kilichotoka sikukitarajia.

"Kila asubuhi kabla ya kumpakia mtoto nilikuwa naizunguka pikipiki. Nageuza shingo, natazama kila mahali. Nikaikuta safi. Nikasema, jana niliosha pote, kwa hiyo jicho linapona. Nilimwambia mtoto anisaidie kwa muda mfupi tu, mpaka lipone. Na nikawa naona linapona, mwanangu. Kila asubuhi niliona linapona."

Nilikaa chini kwenye matope na gauni langu la kazini. Nilikuwa nikijiambia nimemsitiri. Kumbe kila jioni nilimwandikia cheti cha uzima, na kila asubuhi akakisoma, akampandisha mwanangu nyuma yake.

Nikamwambia yote. Halafu nikamwambia lile moja ambalo hakulijua: "Chiriku anaamini yeye ndiye aliyewaangusha."

Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akainuka, akaacha ndoo, akaacha sponji, akapita nami mlangoni bila kunawa.

Jumamosi, 18 Aprili. Mvua: hakuna.

Jana sikumaliza. Baba aliingia chumbani, akashuka mpaka chini sakafuni kando ya kitanda, mbavu zile zile. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi babu yako nimekukosea. Naomba unisamehe."

Chiriku hakugeuka. "Nilijifunika kichwa."

"Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto mwenye akili hujifunika. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, na sikuona. Jicho lilikuwa langu. Nilikupa kazi isiyo yako, nikakwambia uifiche kwa mama yako. Mkubwa hamfanyii mtoto hivyo."

Akauliza, akiwa bado ametazama ukuta, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kilio kikubwa cha mtoto mdogo. Lakini hakugeuka. Baba alibaki sakafuni mpaka mtoto akalala. Mzee wa miaka sabini na moja, mikono ina tope.

Jumatatu, 20 Aprili. Mvua: milimita 14.

Tulimpeleka Baba hospitali, mimi na Mama na mdogo wangu. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, kilipita kimyakimya huenda miezi mitano iliyopita. Macho yenyewe hayana kosa. Kichwa ndicho kimeacha kupokea habari za upande wa kushoto. Miwani haitasaidia. Kuna dawa za kuzuia kingine, na kuna mazoezi ya kugeuza shingo. Kuendesha, basi.

"Yaani barua zinatumwa," Baba akasema, "ila hazifiki."

Daktari alicheka. Sisi hatukucheka.

Nje mdogo wangu alisimama na ufunguo wa gari la kukodi bila kufungua mlango. "Nilijua si geti," akasema. "Vioo vitatu, dada, vyote vya kushoto. Niliona rangi ya magari ya watu kwenye hendeli. Nikafunga kioo, nikatania, nikaenda zangu." Hakuna aliyemlaumu. Tulikuwa wanne katika familia moja, na kila mmoja alikuwa amemficha Baba peke yake.

Ijumaa, 24 Aprili. Mvua: milimita 3.

Pikipiki imeondoka. Mdogo wangu aliikokota mpaka karakana yake. Akiinyoosha ataitumia mwenyewe. Kabla haijatoka, Baba aliomba dakika chache. Aliiosha. Safari hii mimi nilikaa kushoto kwake, na tulisugua pamoja waziwazi. Akifika anapoishia, nasema, "Bado huku, Baba," naye anageuza shingo na kuendelea. Ilituchukua saa nzima. Alitoa ufunguo mfukoni, akampa mwanawe, akaingia ndani asione ikitoka.

Jumanne, 28 Aprili. Mvua: milimita 9.

Chiriku anasema na kila mtu isipokuwa babu yake. Si kwa kiburi. Baba akiingia chumba alichomo, yeye ananyamaza na kumtazama bega.

Jumatatu, 4 Mei. Mvua: hakuna.

Baba anafanya mazoezi uani: anatembea, anageuza shingo kushoto, anataja anachokiona. "Ndoo. Kamba. Mama yako amenuna." Chiriku alikuwa dirishani. Nilidhani nimemsikia akicheka.

Jumatatu, 11 Mei. Mvua: hakuna.

Leo Chiriku amerudi shule, mkono bado kwenye plasta. Mwalimu mkuu aliniruhusu kuchelewa. Nilipanga nimpeleke mwenyewe. Tulipofika getini tukamkuta Baba na Mama wamesimama, Baba amevaa viatu vilivyong'arishwa.

"Tunatembea tu," akasema, akimwambia mtoto na si mimi. "Bibi yako anakaa kushoto kwangu. Ukipenda, twende. Usipopenda, nenda na mama yako, sitakasirika."

Chiriku alifikiri. Kisha akapita mbele yake, akazunguka, akaenda kusimama kulia kwake, akamshika kidole. Baba akamtazama kwa mshangao; nadhani alikuwa hatarajii.

Nikamsogelea kumfunga kifungo cha shati, nikamnong'oneza, "Mbona umechagua huku?"

Hakunong'ona. Hajui kunong'ona.

"Huku ananiona," akasema.